Haggis haina damu, mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika, tena kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake, kwamba Waskoti nao "wana mutura yao iitwayo haggis" (mutura ni ule utumbo tunaoujaza nyama na damu), kwamba imejaa damu, na kwamba Muislamu, Msabato na yeyote asiyekula damu akikaribishwa mezani huku aikimbie. Sina ugomvi na nia yake. Ila mimi hupika haggis kwa mshahara. Huu ni mwaka wangu wa saba katika jiko la makao ya wazee hapa Ayr, magharibi mwa Uskoti, na sijawahi kuona tone la damu ndani yake. Wala bucha anayetuuzia hatii.

Ndani ya haggis mna moyo, maini na mapafu ya kondoo. Hivyo huchemshwa, vikasagwa, vikachanganywa na oti (nafaka) zilizosagwa chengachenga, vitunguu, mafuta magumu yale yanayozunguka figo, chumvi, na pilipili manga bila huruma. Wengine huongeza kungumanga au basibasi. Zamani mchanganyiko huo ulishindiliwa ndani ya tumbo la kondoo na kushonwa. Siku hizi nyingi huuzwa ndani ya ngozi ya kiwandani. Mutura ukiikata unapata kipande, unakichovya kwenye chumvi, unakula umesimama. Haggis ukiipasua inamwagika, na bila kijiko huna lako.

Nadhani nimejua msomaji huyo aliteleza wapi. Kuna ndugu watatu hapa ambao wageni huwachanganya: haggis, black pudding na white pudding. Mwenye damu ni mmoja tu, black pudding. Ni damu, mara nyingi ya nguruwe, iliyochanganywa na oti au shayiri, mafuta, vitunguu na viungo, ikajazwa kwenye utumbo na kupikwa mpaka ikaganda nyeusi kama makaa. Huyo ndiye binamu wa mutura, na hata yeye ni binamu wa mbali, kwa sababu hapitii kwenye jiko la makaa wala hajui kachumbari. White pudding ni yule yule bila damu: oti, mafuta na vitunguu. Ya Uskoti aghalabu huishia hapo. Ya Ireland hutiwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo jina moja lisikudanganye, soma karatasi.

Si jambo dogo hili la kuchanganya majina, na nina mfano. Rafiki yangu mmoja, muuguzi, mzaliwa wa Likoni, aliishi Glasgow miaka minne bila kugusa haggis. Alipowasili, Mkenya aliyemtangulia alimwambia ni damu ya nguruwe iliyofungwa ndani ya tumbo. Kila Januari wenzake hospitalini walipoandaa meza, yeye alijaziwa viazi vitupu akala kama mgonjwa. Siku aliyokuja kwangu nikamweleza yaliyomo, alininyamazia kwanza, kisha akasema, "Kwa hivyo ni maini na moyo wa kondoo tu? Mwenzangu, miaka minne!" Tatizo lililobaki lilikuwa uchinjaji, na hilo lina dawa: ipo haggis ya halali. Aliipata Glasgow. Sasa anaikaanga na kitunguu na pilipili mbuzi, anaikunja ndani ya chapati, na amenipita kwa ulafi.

Upande wa pili yuko kijana mmoja, mwanafunzi, Msabato wa kweli kweli, aliyekula sahani nzima ya kiamshakinywa cha hotelini akidhani kile kiduara cheusi kando ya yai ni soseji iliyoungua. Alisema ilikuwa tamu. Alipoambiwa aliacha kusema.

Nirudi kwenye damu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nipende kazi yangu.

Mimi ni wa Karatina. Kwetu mutura ilikuwa kazi ya wanaume. Baba akichinja mbuzi, wanaume walikaa nyuma ya zizi na moto wao, na sisi wasichana tulipelekewa vipande jikoni baada ya wao kushiba. Lakini Krismasi moja, nikiwa na miaka kumi hivi, kaka zangu wote walikuwa wametumwa kuni, na Baba alihitaji mtu wa kushika karai. Nikaitwa. Alinipa kijiti cha mti, akaniambia, "Koroga, usiache hata ukisikia nyoka." Damu ikaingia karai ikitoa mvuke. Nikakoroga. Baada ya muda nyuzi nyuzi zikaanza kujizungushia kijiti kama uzi wa sufu, Baba akazivuta, akawatupia mbwa. Hizo zikitolewa, damu haigandi tena; inabaki maji maji mpaka uichanganye na nyama iliyokatwakatwa, mafuta, vitunguu na chumvi, uijaze kwenye utumbo uliogeuzwa na kuoshwa, ufunge ncha kwa kijiti, uchemshe, halafu ndipo uilaze juu ya makaa. Siku ile nilikula nyuma ya zizi pamoja na wanaume, na hakuna aliyenifukuza.

Sasa, mwaka wangu wa kwanza hapa, asubuhi moja nilikuwa nikikata black pudding za kiamshakinywa. Alikuwapo mzee mmoja mkazi wetu ambaye alikuwa haruhusiwi kuingia jikoni lakini husimama mlangoni na kigari chake cha kutembelea, akikagua. Alikuwa mchinjaji tangu akiwa kijana. Wenzangu humwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi ulikataa, mtu wa miaka themanini na nane, nikawa namwita "Mzee", na alipojua maana yake akawaamuru wengine nao wamwite hivyo. Yeye aliniita "hen". Mara ya kwanza nilikasirika, kwa sababu kwa Kiingereza nilichofundishwa hen ni kuku, kumbe ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa upendo. Basi Mzee akaniuliza kama kwetu tunajua chakula hicho. Nikamsimulia karai, kijiti, na zile nyuzi.

Akaniuliza, "Ulikoroga kwa kijiti?"

"Kwa kijiti."

"Sisi tulikoroga kwa mkono, hen. Mpaka hapa." Akainua mkono wa kulia na kunionyesha kwa kidole cha kushoto, karibu na kiwiko. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, lakini alivizungusha hewani polepole, pale pale mlangoni, kama aliyerudi kwenye ndoo yake. "Inakuwa na joto," akasema. "Watu hawajui kwamba inakuwa na joto."

Mimi nilijua. Hatukuongea zaidi siku ile, mayai yalikuwa yakiungua.

Ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi damu nyingi inayotumiwa ni ya unga, iliyokaushwa, inakuja kwenye magunia. Alisema hivyo kwa sauti ambayo Baba angeitumia kwa ugali wa pakiti. Kwake kulikuwa na black pudding moja tu ya kuheshimika, ile ya Stornoway, mji wa kisiwa cha Lewis kaskazini-magharibi, yenye oti nyingi na mafuta ya ng'ombe. Tangu 2013 jina hilo linalindwa na sheria: ukiitengenezea Glasgow huwezi kuiita ya Stornoway hata ukiwa na mapishi ya bibi yao. Watu wa Bury, kule karibu na Manchester upande wa Uingereza, wana yao pia. Wao huichemsha na kuila moto moto sokoni na haradali. Mzee alipoisikia Bury alitikisa kichwa kwa huzuni. Mimi naionea wivu ile sheria ya Stornoway. Nafikiria mutura ya pale stendi ya Karatina jioni, na wale wanaouza ya maini matupu Nairobi wakiiita kwa jina lile lile.

Jinsi ya kupika black pudding ni rahisi lakini wageni huikosea hatua ya kwanza: menya. Nyingi huja na ngozi ya plastiki, na nimeona kwa macho yangu Mkenya mwenzangu akiikaanga nayo. Kata vipande vya unene wa kidole. Kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika tatu au nne kila upande, na usikigeuze kabla hakijashika ukoko, kitavunjika. Tayari ilishapikwa kiwandani, unachotafuta ni ule ukoko tu. Kula na yai ambalo kiini chake bado kinatiririka. Kwenye mafuta yaliyobaki tupia vipande vya tufaha. Nyumbani kwangu huivunjavunja juu ya sukuma wiki dakika ya mwisho na kuila na ugali. Chumvi usiongeze, imo ya kutosha mpaka kesho.

White pudding naipika kwa vipande vile vile, lakini nampenda zaidi dada yake asiye na ngozi, anaitwa skirlie. Kaanga vitunguu vingi kwenye mafuta mpaka viwe rangi ya dhahabu, mwaga oti, koroga bila kuondoka mpaka jiko lote linukie kama mtu anachoma karanga. Basi. Ukitumia mafuta ya kupikia ya kawaida, hiki anakula kila mtu, wa dini yoyote. Mimi hukiweka chini ya kuku wa mchuzi, kinafyonza.

Kuhusu haggis ni lazima nikiri kosa, maana msomaji wako anaweza kudhani nilizaliwa nikijua.

Tarehe 25 Januari Waskoti humkumbuka mshairi wao Robert Burns, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway, hapa kando yetu. Nyumba ya kuezekwa kwa nyasi aliyoijenga baba yake bado imesimama na mimi huipita nikienda kazini. Mwaka 1786 aliandika shairi la kuisifu haggis, akaisalimia kama mtu anavyomsalimia chifu. Alifariki 1796, na mwaka 1801 marafiki zake walikusanyika katika nyumba ile ile wakala haggis na kichwa cha kondoo. Mtu wa supu ya kichwa akisikia hayo anajiona nyumbani. Tangu hapo imekuwa desturi: haggis inaingia ukumbini juu ya sinia nyuma ya mpiga zumari, watu wanasimama, mtu anaghani lile shairi, na akifika kwenye ubeti wa kisu anakipangusa na kukidunga katikati.

Mimi, mwaka wangu wa kwanza, niliachiwa haggis ya kilo nne na maagizo ya mdomo: ichemshe mpaka ipate moto. Nikaichemsha kama maharagwe. Sufuria ilitokota kwa fujo, mimi nikiponda viazi huku nikiimba. Dakika kumi kabla ya saa, nikasikia mlio kama wa tairi la baiskeli. Nilipofunua, haggis haikuwapo. Kulikuwa na uji.

Sitasahau sauti ya zumari ikijaribiwa kule barazani huku nimeshika mwiko. Nilimfuata Mzee kwa sababu sikujua mwingine wa kumfuata. Alichungulia sufuria, hakucheka (alicheka baadaye, miezi mitatu), akaniagiza chujio na kitambaa cheupe cha jikoni. Tukachuja, tukakamua, tukaifunga ndani ya kile kitambaa kwa uzi wa nyama, ikawa duara kama kichwa chenye kilemba. Alisema bibi yake aliipikia kwenye kitambaa siku zote. Kama ni kweli au alinihurumia, sijui. Mghani alikidunga kitambaa, mvuke ukatoka, watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo anayetaka kupika: haggis ya dukani nayo imeshapikwa, wewe unaipasha moto. Ifunge kwenye foili, iweke kwenye maji yanayotetemeka tu, yasitokote. Ile ndogo ya nusu kilo inataka kama saa moja. Au iweke kwenye oveni ya nyuzi 180, ndani ya bakuli lenye maji kidogo, umefunika. Sisi jikoni hatukisii: Uskoti sheria inadai chakula kinachopashwa moto upya kifike nyuzi 82, nami huchomeka kipimajoto katikati kabla sijaita mtu. Pembeni wanaweka viazi vilivyopondwa na neeps, mizizi mikubwa ya rangi ya manjano iliyopondwa pia na siagi. Mtu wa Nyeri akiiona sahani hiyo atasema ni mukimo, ule mseto wetu wa viazi, mahindi na majani, uliosahau mahindi. Kwangu nimeshaacha kuwafuata. Haggis naiweka juu ya mukimo wenyewe, wenye majani ya maboga ya kopo ninayotumiwa kutoka London, na mchuzi wa vitunguu.

Iliyobaki usitupe. Ikishapoa inakuwa kavu na rahisi kuvunja. Tia pilipili mbichi, dania, vitunguu vya majani, kamulia ndimu, funga kwenye manda ukaange sambusa. Glasgow wenye asili ya Asia walishagundua hilo, migahawani kuna bajia za haggis. Wazee wangu sasa hudai sambusa hizo kila Januari, na wale wasiokula nyama nawafungia za haggis ya mboga, ya maharagwe, dengu na oti. Hiyo nayo si mzaha wa juzi: bucha la Macsween la Edinburgh liliitengeneza mwaka 1984 kwa ajili ya ufunguzi wa Maktaba ya Ushairi ya Uskoti. Watu hawa na mashairi na matumbo yao hawaachani.

Kwenye maduka ya chipsi nako utawakuta wote watatu, wamechovywa kwenye uji wa unga wa ngano na kuzamishwa kwenye mafuta. Ukiagiza "haggis supper" usidhani umekaribishwa chakula cha jioni. Maana yake ni haggis na chipsi. Mimi hula mara mbili kwa mwaka na kujuta mara mbili.

Dada yangu aliye Minnesota ameniomba nimpelekee haggis. Haiwezekani. Marekani ilipiga marufuku mapafu ya mifugo katika chakula cha binadamu tangu 1971, na haggis ya kweli bila mapafu ni hadithi nyingine. Alidhani namnyima. Mapafu yale yale ambayo pale kwetu bucha humrushia mbwa, afisa wa uwanja wa ndege angeyakamata.

Mzee hayupo tena. Alifariki majira ya machipuko mwaka juzi. Mwaka ule alikuwa amenitania na wageni wangu kwamba haggis ni mnyama wa milimani mwenye miguu mifupi upande mmoja ili aweze kuuzunguka mlima bila kuanguka. Ni mzaha wao wa zamani kwa watalii. Nilimwuliza je, akitaka kurudi alikotoka? Akajibu kwamba ndiyo maana ni rahisi kumwinda.

Januari iliyopita nilimpigia Baba kwa video ili aone. Nikaielekeza simu kwenye sinia, nikapasua, ikamwagika na mvuke. Baba akasogeza uso mpaka nikaona sikio tu.

"Damu iko wapi?"

"Haina damu, Baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni moyo, maini, mapafu na nafaka."

Akafikiri. Nyuma yake nilimsikia Mama akimwambia anipe salamu kwanza.

"Basi hiyo si mutura," akasema. "Hiyo ni githeri ya nyama. Waambie nimeiona."

Binti wa Karatina,
Ayr, Uskoti